Siku Mtani Wangu Alipoapishwa

Hati yangu ya kiapo niliiandika mwenyewe, kurasa saba za daftari, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa mvua. Nilikuwa nimesoma darasa la jioni pale misheni Maneromango miaka mitatu. Nilikuwa natoka shamba, naosha miguu, nakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba ukieleza jambo, lieleze lilivyokuwa. Basi nikaeleza. Binti yangu alizaliwa siku ya mvua kubwa, mto ukakata njia, mkunga akachelewa, mama mkwe akawa anamfukuza mbuzi aliyeingia ndani kujikinga, na mimi huku nimeshika nguzo ya nyumba. Yote niliyaandika. Hata rangi ya mbuzi.

Wakili alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza.

"Mama," akasema, "huyu mbuzi ataapa?"

"Haapi, bwana."

"Basi tumtoe."

Akamtoa. Akatoa na mto, na nguzo, na mama mkwe. Mvua yangu yote akaipiga mstari mmoja wa wino kutoka pembe hadi pembe. Niliumia moyo, kwa maana lile neno "radi" nilikuwa nimelifuta mara nne mpaka likakaa vizuri.

Lakini nieleze kilichonipeleka kwa wakili, mimi mkulima wa mihogo.

Binti yangu huyo alitaka kuwa nesi tangu hajaota meno ya mbele. Kuku wetu walikuwa wakitembea na vijiti miguuni, wamefungwa vitambaa, na hawakuwa na ugonjwa wowote. Alipomaliza shule akaandikiwa barua na hospitali ya misheni, mbali, safari ya treni, kwamba nafasi ipo na masomo yanaanza Jumatatu. Ila mwanafunzi awe ametimiza miaka kumi na saba, na aje na uthibitisho wake. Asipokuja nao, nafasi atapewa msichana anayefuata.

Uthibitisho tuliokuwa nao ni cheti cha ubatizo. Sasa, watoto wangu watatu walibatizwa siku moja, ile Jumapili mume wangu alipokubali kuongoka baada ya mimi kumwombea miaka minne bila kupumzika. Karani wa siku hizo alikuwa na haraka ya kwenda kula. Pale penye siku ya kuzaliwa akaandika siku ileile kwa wote watatu, kana kwamba nilijifungua watatu asubuhi moja, na wa kwanza akatoka anatembea na kuomba uji. Kwa karatasi hiyo binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne.

Mchungaji akasema dawa yake ni moja. Mama mzazi aende mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha watu, aape siku mtoto alipozaliwa, wakili apige muhuri. Nikamuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuapa, maana hilo lilikuwa likinisumbua. Akasema kuapa kwa mchezo ni dhambi, kuapa mbele ya mwenye mamlaka kwa ajili ya kweli si dhambi. Nikamwambia sawa, lakini nitakwenda na Biblia yangu mwenyewe, sijui ya wakili imeshikwa na nani.

Wakili alikuwa anakuja Kisarawe Alhamisi moja, anaruka moja. Alhamisi iliyobaki kabla ya ile Jumatatu ilikuwa moja tu. Tukapanda lori la mihogo, mimi na binti na kisanduku chake cha bati, kwa nia kwamba akipata karatasi asirudi tena nyumbani. Saa nane mchana lori lingeshuka Dar es Salaam, na jioni angepanda treni.

Wakili alikaa barazani kwa duka la Mhindi mmoja, karibu na boma. Alikuwa mtu mwembamba wa kutoka Unguja, Kiswahili chake safi kuliko changu, na hakucheka. Mezani alikuwa na kalamu, kidau cha wino, na kile chuma ambacho watu walikuwa wamekuja kukitazama hata kama hawana shida. Muhuri wake ulikuwa hauna wino. Uliuma karatasi kama koleo, na ukipitisha kidole juu ya karatasi unasikia vipele, mithili ya surua.

Habari ya chuma hicho ilikuwa imeenea. Watu waliamini kwamba jambo lolote likishaumwa na chuma kile linakuwa kweli, na serikali italisimamia. Basi kila mtu alileta jambo lake.

Mbele yangu alikuwapo baba mmoja na karatasi tupu.

"Piga hapo chini, bwana. Maneno nitajaza nyumbani."

"Karatasi tupu sipigi."

"Nitaandika machache tu."

"Hata moja. Kwanza maneno, halafu sahihi yako mbele ya macho yangu, halafu muhuri. Anayefuata."

Akaja kijana amebeba nakala ya mkataba wa shamba la mikorosho, ameinakili mwenyewe kwa mwandiko mzuri sana. Wakili akasema anaweza kuthibitisha nakala, hiyo ni kazi yake kabisa, alete ule mkataba wenyewe ailinganishe neno kwa neno.

"Mkataba wenyewe umeliwa na mchwa."

"Basi nalinganisha na nini?"

"Linganisha na mimi," akasema kijana. "Naukumbuka."

Anayefuata. Mwanamume mmoja alikuwa na karatasi inayosema mke wake anaahidi kwamba hatakwenda tena kwa mama yake wakati wa kulima. Mke mwenyewe hakuwapo. Wakili akauliza yuko wapi. Yuko kwa mama yake. Sisi wote barazani tulicheka, na bibi mmoja muuza vitumbua aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akacheka mpaka akaangusha kijiti chake cha kugeuzia.

"Simpigii muhuri mtu ambaye hayupo," wakili akasema. "Aje mwenyewe, aniambie amekubali, aweke dole gumba nikiona."

"Akija hapa, bwana, atakuwa amerudi. Sasa muhuri wa nini?"

Hata wakili alifikiri kidogo hapo.

Aliyenifundisha kazi hasa ya muhuri ni mzee mmoja aliyetembea kutoka Kibaha, upande wa Sofu, na kandambili zake zimefungwa kamba. Yeye alikuwa ameota ndoto. Marehemu babu yake alimjia akamwambia minazi sita ya mpakani ni yake. Alitaka ndoto ipigwe muhuri kabla jirani hajaota ya kwake. Tukajua huyu naye atafukuzwa.

"Naweza," akasema wakili.

Baraza zima likasogea karibu na meza.

"Wewe utaapa kwamba umeota. Mimi nitapiga muhuri kwamba umeapa. Lakini sikiliza vizuri, mzee. Muhuri hausemi minazi ni yako. Hausemi hata kwamba umeota. Unasema tu kwamba leo ulikuja mbele yangu, nikakujua ni nani, ukaapa, ukatia sahihi."

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo jirani akisoma hatatoka?"

"Hatatoka."

"Basi naomba nisipoteze kiapo," akasema, akakunja ndoto yake, akaitia mfukoni, akanunua kitumbua.

Ndipo zamu yangu ikafika, na mbuzi akatolewa, na mvua, kama nilivyosema. Kurasa saba zikawa mistari minne. Mimi ni fulani wa Maneromango. Huyu ni binti yangu wa kumzaa. Alizaliwa siku kadhaa, mwezi kadhaa, mwaka kadhaa. Haya nisemayo ni kweli kwa ujuzi wangu mwenyewe. Nikaisoma kwa sauti, ikaisha kabla sijavuta pumzi. Nikaona aibu, mtu umetoka Maneromango na mistari minne.

"Sasa," wakili akasema, "nani anakufahamu hapa?"

"Mungu ananifahamu, bwana."

"Mungu simwandiki. Mimi sikujui, mama. Sheria inataka niwe nakufahamu, au utambulishwe na mtu ninayemfahamu mimi. Yuko nani?"

Nikatazama huku na huku. Mume wangu alibaki na wadogo, na hata angekuja, wakili hamjui. Mchungaji wangu vilevile. Kisarawe mimi nilikuwa mgeni kama kuku wa abiria waliofungwa juu ya lori.

Mwenye duka akatuhurumia. Alikuwa mtu mwema. Akatoka nyuma ya mizani, akasema kwa sauti ya chini, "Wakili ananijua mimi. Nitasema nakufahamu, mama. Maneno mawili tu, biashara imekwisha."

"Unanifahamu?"

"Nimekuona leo asubuhi. Umenunua sabuni."

Nilimshukuru sana, nikakataa. Binti yangu akanivuta kanga. "Mama, ni maneno mawili." Nikamwambia siwezi kumpeleka mtoto kutibu wagonjwa wa Mungu kwa kupitia mlango wa uongo, hata kama ni mlango mdogo, hata kama una sabuni. Akaiachia kanga, akageuza macho barabarani. Lori lilikuwa limeshaanza kupakia.

Na hapo ndipo akatokea tarishi wa boma na mafaili ya wakili kwapani, na kofia yake nyekundu.

"Huyu hapa!" nikapiga kelele. "Huyu ananifahamu miaka kumi na nane!"

Wakili akamtazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tarishi alikuwa akimletea mafaili kila safari. Alimjua vizuri, alimwamini. Nami nilifurahi kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi moja. Halafu nikakumbuka.

Tarishi yule alikuwa Mnyamwezi.

Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wao wakishuka pwani na mizigo walipita kwetu, wakalala kwetu, na tangu hapo hakuna mwenye kujibu mwenzake kwa adabu. Mtani anakutukana nawe hukasiriki. Anachukua kitu chako mbele ya macho yako nawe hudai. Msibani kwako yeye ndiye anayelala njiani mpaka apewe kitu ndipo jeneza lipite. Tarishi huyu alikuwa akileta barua za boma Maneromango kwa baiskeli tangu kabla binti yangu hajazaliwa, na hakuna siku aliyoondoka kwangu mikono mitupu. Jambo moja tu mtani hafanyi: hasemi neno la kweli na la wema juu yako mbele ya watu, kwa uso mkavu. Kwetu mtani akikusifu, watu wanauliza unaumwa nini.

"Huyu mama unamfahamu?" wakili akamuuliza.

Tarishi akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka vidole vya miguu, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Huyu? Simjui kabisa, bwana. Ningewahi kuiona sura hii ningekumbuka, maana ningekuwa bado nakimbia."

Barazani wakaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, na Biblia mkononi, nikasikia mdomo wangu unasema, "Ungekimbia na nini, na hiyo miguu iliyopinda kwa kubeba mizigo ya watu?"

Wakili akainua kichwa. "Kumbe mnafahamiana."

"Hapana, bwana," akasema tarishi. "Ila kwa haki, huyu ni mali yangu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa kapu la chumvi. Na chumvi yenyewe ilikuwa imelowa."

Wakili akaweka kalamu chini taratibu sana.

"Unasema mama huyu ni mtumwa wako?"

"Mtumwa mbaya, bwana. Mvivu. Namtafuta siku nyingi."

"Utumwa umekatazwa katika nchi hii." Akachukua karatasi mpya, akaandika juu yake neno refu, akapiga mstari chini. "Hili ni jambo la Bwana Shauri, mkuu wa boma. Mama, amekushikilia tangu lini?"

Bibi wa vitumbua alikuwa amelala ubavu kwenye ngazi, anapiga sakafu kwa kiganja. Nikaona wakili kweli anaandika. Nikamwambia, "Bwana, bwana, usiandike! Huu ni utani!"

"Utani gani huo?"

Nikamweleza. Misafara, mizigo, msiba, njia, yote. Alisikiliza kwa makini.

"Kwa hiyo aliyoyasema si kweli."

"Si kweli, bwana."

"Basi ni uongo."

"Si uongo, bwana. Ni utani."

"Kitu kisicho kweli na kisicho uongo," akasema wakili, "sina pa kukiandika." Akaichana ile karatasi ya utumwa, akamgeukia tarishi kwa mara ya mwisho. "Nakuuliza kama mtu mzima. Unamfahamu au humfahamu?"

Nilimwona tarishi akijaribu. Akafunga macho. Shingo ikatoka mishipa. Wazaramo kumi na tano barazani wakamkodolea macho, wakisubiri ashindwe.

"Namfahamu," akaanza, na moyo wangu ukaruka, "kama ninavyofahamu kidonda."

"Anayefuata," akasema wakili.

Nikamshika tarishi mkono nikamvuta nyuma ya duka, penye pipa la maji. Binti akatufuata na kisanduku chake.

"Mtani," nikamwambia, "leo si mchezo. Mtoto akikosa karatasi hii hana nafasi. Atapewa mwingine."

Akavua kofia. "Najua, mtani. Nilikuja pale nimeyapanga maneno vizuri. Nikakuona tu, mdomo ukaanza wenyewe. Na wale wote wananitazama! Nikisema vizuri nitakaa vipi Kisarawe?"

"Jaribu hapa, hakuna mtu. Sema: namfahamu mama huyu."

"Namfahamu mama huyu..."

"Haya!"

"...kibogoyo."

"Baba," binti yangu akamwambia kwa upole, machozi yako karibu, "nikirudi nyumbani nitakuwa na miaka kumi na minne mpaka lini?"

Tarishi akamtazama, akasikitika sana, akamwambia, "Kwa ubongo wa mama yako, milele." Halafu akajipiga kofi la mdomo. "Umeona? Umeona, mtani? Si mimi!"

Kweli nilimwonea huruma. Nikasimama pale kwenye pipa nikasali, sala fupi, kwa sababu dereva alishaanza kuita watu wake. Na nilipofungua macho nilikuwa najua la kufanya. Nikarudi barazani nikampita aliyekuwa mezani.

"Bwana wakili, mwapishe huyu."

"Mtambulishaji haapishwi, mama. Anasema tu."

"Huyu akisema tu anasema upuuzi. Umesema mwenyewe kwamba kazi yako ni viapo. Mpe kiapo. Yeye ni Mwislamu mwenye kumwogopa Mungu, hatacheza na Msahafu."

Wakili akatazama saa yake, akamtazama tarishi, akamtazama binti yangu aliyekaa juu ya kisanduku na mikono yake magotini kama yuko kanisani. Akasema, "Nitamwapisha. Nataka kujua mimi mwenyewe."

Tarishi akawa wa rangi ya majivu. Akasema hana udhu. Akaenda kutawadha kwenye lile pipa, na sijawahi kuona mtu anatawadha polepole namna ile, kila kidole peke yake. Dereva akapiga honi. Msahafu ukaletwa kutoka kwa liwali, umefungwa kitambaa cheupe. Tarishi akauwekea mkono. Wakili akamwapisha kwamba atasema kweli, na kweli yote, na si kingine ila kweli.

"Unamfahamu mama huyu?"

"Namfahamu," akasema tarishi, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Hakuna aliyecheka.

"Ni nani?"

"Ni mama wa Maneromango. Anakaa nyuma ya kanisa, nyumba ya tatu. Mume wake namjua. Wanawe nawajua. Ni mtu mwaminifu."

Bibi wa vitumbua akainuka kutoka kwenye ngazi, akanisogelea, akanishika kiganja. "Mwanangu," akaninong'oneza, "unaumwa nini?"

"Siumwi, bibi."

"Usinifiche."

"Imetosha," wakili akasema, akachovya kalamu.

"Haijatosha, bwana," akasema tarishi, mkono bado uko juu ya Msahafu na jasho linamtoka. "Umesema kweli yote. Nilichukua chungu chake cha maharage jikoni, kikiwa motoni. Nilichukua mkeka. Nilichukua fimbo ya baba mkwe wake, marehemu, siku ya arobaini. Mihogo sijui mingapi."

"Imetosha kabisa."

"Sijafika kwenye kuku, bwana."

Ikabidi asikilizwe. Kuku walikuwa watano, na mmoja wao, akasema, alikuwa amefungwa bandeji mguuni, na alimla hivyohivyo. Binti yangu akashika mdomo. Tarishi akaendelea, hana tena uwezo wa kujizuia. Siku binti alipozaliwa alikuwa mlangoni na barua ya boma, mvua inanyesha, na mbuzi alimpita miguuni akikimbilia ndani. Nikamtazama wakili. Wakili hakunitazama.

"Na maharage yake," tarishi akamalizia, "nilimwambia ni kokoto. Miaka yote namwambia ni kokoto. Si kokoto, bwana. Ni matamu. Hakuna nyumba nakula vizuri kama pale."

Mzee wa Sofu akavua kofia yake, akaishika kifuani. Mwanamke mmoja akaanza kufuta macho. Mtu nisiyemjua kabisa akanipa pole. Nami, ambaye sijawahi kukosa la kumjibu mtani yule tangu nimfahamu, nilisimama kama mti, sina neno.

Wakili akaandika. Ametambulishwa kwangu na fulani, tarishi, ninayemfahamu mwenyewe. Nikaweka mkono juu ya Biblia yangu, nikaapa mistari yangu minne, nikatia sahihi yangu, ile ya darasa la jioni, na herufi ya mwisho nikaipa mkia mrefu kwa sababu nilikuwa na haki nayo. Chuma kikauma karatasi. Binti akapitisha kidole juu ya vipele, akapitisha tena, na tena, mpaka wakili akamwambia vitaisha.

Tukakimbia kwenye lori. Nilikuwa namsindikiza mpaka stesheni. Tukapandishwa juu ya magunia, kisanduku kikatupwa nyuma yetu, lori likaondoka. Hatujafika hata penye mteremko, nikasikia kengele ya baiskeli. Tarishi alikuwa anatufuata, kofia imelala upande, anakanyaga kwa nguvu zake zote.

"We mtumwa!" akapiga kelele. "Kiapo kimekwisha! Nimemuuliza wakili, amesema kimekwisha! Maharage yako ni kokoto!"

Mungu ni mwema. Nikasimama juu ya gunia, nikashika chuma cha lori kwa mkono mmoja.

"Ndiyo maana umebaki na meno mawili!" nikamjibu. "Chumvi ya babu yako ndiyo iliyokupinda miguu!"

"Usirudi Kisarawe!"

"Nitarudi na chungu, ukibebe kichwani kama baba zako!"

Watu wa njiani wakatoka nyumbani wakashangilia, baadhi kwa upande wangu, baadhi kwa wake. Nikasema mengine ambayo siwezi kuyaandika, kwa sababu wanakwaya wenzangu watasoma. Vumbi likammeza. Nikakaa chini, nimechoka, nimefurahi, natafuta pumzi.

"Mama," binti yangu akasema, akinivuta kanga.

"Nini?"

"Umekalia miaka yangu."

Nikaruka. Karatasi ilikuwa chini yangu, imekunjika pembe mbili, ina unga wa muhogo, lakini vipele vilikuwapo. Akainyoosha juu ya goti lake mpaka Dar es Salaam, na treni ilipoondoka nilimwona dirishani ameipakata kama mtoto.

Barua yake ilifika baada ya wiki tatu. Mkuu wa manesi, mama wa Kizungu, aliishika ile hati akaigeuza huku na huku, akasoma mistari minne, akagusa vipele kwa kidole, akauliza kwa nini karatasi ya wakili imekuwa hivi, kama imekaliwa na mtu.

"Nikamwambia imekaliwa na mama yangu," aliandika. "Akaniuliza mama yangu ana uzito gani. Nikasema sijui, hilo hajaliapia. Akacheka, akaandika jina langu kitabuni, akanipa magauni mawili na kofia moja. Kofia ni kubwa. Hapa nimeshafunga bandeji watu wa kweli wanne, na hakuna aliyekimbia."